Kikohozi cha Sehemu ya Nne

Kanda za tamthilia ile zilifutwa mwaka wa sabini na moja,
juu yake wakarekodi mechi za raga.
Kilichosalia: hati iliyopigwa taipu,
risiti ya mawigi matatu,
na barua ya mtazamaji aliyechukizwa na busu.

Juu ya hivyo nimejenga miaka minne,
sura tano, tanbihi mia mbili na kumi.
Profesa Prydderch huniuliza, akifuta miwani kwa tai:
"Eluned, unachambua tamthilia
au unachambua shimo ilimokuwa?"

Jumanne nikapanda basi hadi Blaenau,
mvua ikitambaa juu ya mapaa ya mawe.
Bi Nesta Pugh akatoa utepe kwenye kopo la biskuti.
Enzi zile, alisema, alikuwa akitega maikrofoni mbele ya televisheni
ili mumewe, wa zamu ya usiku kituo cha umeme,
asipitwe.

Tukasikiliza.
Sauti ya binti ikaja, nyembamba
kama maji yapitayo chini ya mlango:
*Sirudi, Mama. Usiniwekee chakula.*
Papo hapo, karibu kuliko yeye,
birika likapiga mbinja,
mtoto akaangua kilio, mtu akambembeleza,
basi, basi, huyo yumo ndani ya kioo, hatoki.
Kisha kikohozi.
Kikavu. Mara mbili.

"Huyo mama mkwe," akasema Bi Nesta.
"Hakufika sehemu ya sita.
Alikufa bila kujua nani alimuua daktari."

Nilikwenda na saa mkononi
kupima kimya kinachotangulia kila jibu,
maana nadharia yangu yote imesimama juu ya kimya.
Sikukipata.
Kila penye pengo palikuwa na mtu.

Nikamuuliza kama mumewe aliipenda.
Akacheka hadi akashika meza.
"Alisinzia kabla muziki wa mwanzo haujaisha, kila asubuhi.
Ila nilipotaka kuufuta utepe, tuurekodie kwaya,
alinikatalia."

Usiku huu maktabani, taa moja ikiwa imebaki, naandika:
*Tanbihi ya 211. Sehemu ya nne, dakika ya kumi na saba.
Kikohozi. Hakimo katika hati.*

Profesa atakizungushia kalamu nyekundu.
Na akizungushie.