Wa Saba

Muhonja amelipa shilingi ishirini,
robo saa ya kibanda cha gemu, Kawangware,
na uzio wa kwanza tayari umevunjika.
Farasi sita wametoka wakitimua vumbi.
Wa saba, mwenye baka jeupe usoni,
amegoma zizini, na walinzi waja na mienge.

Baba anaingia kutoka kazini, Barabara ya Ngong,
majani makavu kwenye sweta,
mikono ikinuka farasi wa wenyewe
aliowafungia komeo saa kumi na mbili.
Anatazama. "Huyo anachechemea. Usimkimbize."

Muhonja analegeza kidole.
Farasi anatoka, hatua kwa hatua, gizani.

"Na huko nje," baba auliza, "nani atawapa maji?"

Njiani hajibu.
Kidole gumba chake bado kinabonyeza, mfukoni.