Farasi Thelathini na Watano

Gari letu lilikuwa la kubebea viazi.
Rangi ya jivu, buti refu, dizeli,
kilometa laki tatu na ushei mgongoni,
kwenye kiti cha nyuma chembe za biskuti za Miglė
na doa la maziwa linalonuka upya kila kiangazi.
Asubuhi za Januari lilikohoa mara tatu
kabla ya kukubali kwamba kumekucha.
Sikulidai zaidi ya hapo.

Aliyedai ni Žydrūnas.
Ilianza kwenye barabara ya Panevėžys,
lori la magogo mbele yetu, mama yake Stanislava kando yake,
mimi na watoto nyuma, mtungi wa matango ya siki mapajani.
Akatoka kulipita. Akakanyaga. Gari likafikiri.
Likafikiri tena.
Taa za basi zikatupanukia kama mayai kwenye kikaango
naye akarudi nyuma ya magogo, masikio mekundu.
Mama mkwe akasema tu:
"Marehemu baba yako alikuwa na farasi wa kweli."

Tangu jioni ile mume wangu alihamia gereji.
Gintautas wa ghorofa ya nne akaja na laptopu iliyofungwa kwa tepu,
akachomeka waya chini ya usukani
kama daktari anayemsikiliza mtoto mgongo,
akauambia ubongo wa gari uongo kidogo:
mafuta yaongezwe tone, pumzi ya tabo ipande,
farasi mia moja na kumi na watano wawe mia na hamsini.
"Hao thelathini na watano watalala wapi?" niliuliza.
Hakuna aliyecheka.

Ikafuata rejeta ya hewa, kutoka gari lililokufa Kaunas,
pana kama sinia la harusi;
bampa ikakatwa kwa msumeno kuipisha.
Ikafuata ekzosi nene kama mkono wa mwoka mikate.
Halafu breki, kwa sababu anayekimbia sharti ajue kusimama,
alisema, akitazama pembeni,
maana breki hizo zilikuwa makabati yangu ya jikoni.
Katika daftari la matumizi niliandika:
Breki, euro mia nne na kumi.
Chini yake: Makabati. Na mstari.

Kwa nje, gari halikubadilika hata kidogo.
Lilisimama mbele ya duka la maziwa
kama mtawa mwenye bastola.

Novemba, Žydrūnas yuko kitandani na homa,
nikatumwa peke yangu kumpokea Stanislava stesheni ya Radviliškis.
Mvua imekatika. Barabara imenyooka kati ya mashamba ya viazisukari vya kiwanda.
Na lori la magogo. Silo lile,
lakini lilikuwa na mgongo uleule.
Nikatoka. Nikakanyaga.

Kwanza kimya.
Kisha mluzi mwembamba, birika linalokaribia kuchemka,
kisha kiganja kikubwa kikanibandika kitini,
na magogo yakawa kitu kidogo ndani ya kioo.
Nilicheka kwa sauti, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu,
mhasibu wa kiwanda cha jibini.
Kwenye kituo cha mafuta nikageuza, nikarudi,
nikageuza tena, nikalitafuta lori.
Mara ngapi? Daftari halisemi.
Stanislava alisimama na sanduku lake dakika arobaini.

Na baada ya hapo kila Alhamisi nilikuwa na jambo Radviliškis.

Theluji ilipoyeyuka klachi ikaanza kuteleza:
injini inapiga kelele, gari limeduwaa,
harufu ya kitu kilichoungua kama maharage yaliyosahauliwa.
Žydrūnas akaja mezani, mikono ameiosha mara tatu.
"Nimeiua mimi," alisema. "Nguvu zimeizidi.
Ulinionya. Nisamehe."

Nikamkatia mkate.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na ya klachi aijuaye ni aliyekanyaga.
"Hakuna neno," nikasema. "Tafuta iliyo imara zaidi."

Akanitazama kwa muda mrefu, kijiko hewani.
Nikafungua daftari, na chini ya makabati
nikachora mstari mwingine.