Jua Halikuandikwa

Tulipogawana nyumba ya Kibokoni
karani aliandika kila kitu:
kuta, ngazi, kisima kilichofukiwa,
birika la shaba lenye mdomo uliopinda,
hata ufunguo usio na kufuli.
Jua hakuliandika.
Nani angedhani litahitaji shahidi?

Ndugu yangu Shekue akapata upande wa barabara.
Akapandisha. Orofa moja, ya pili, ya tatu,
na zege la tatu lilipokauka
uani kwangu adhuhuri ikawa magharibi.
Mrehani ukarefuka shingo, ukapauka,
ukawa unaegemea ukuta
kama mgonjwa anayetafuta choo usiku.
Giligilani haikungoja hata wiki.

Sikugomba. Nilichukua mkoba.

Dukani kwa Kumail, nyuma ya Marikiti,
akaniuliza, "Taa ya chumba gani, bibi?"
Nikamwambia ni ya majani.
Hakucheka; ndiyo maana namtaja jina.
Akawasha ya kwanza: zambarau,
nyekundu na buluu zimekumbatiana,
viganja vyangu vikawa rangi ya biringani.
"Mmea hula zaidi hizi mbili," akasema.
"Kijani huirudisha. Ndiyo maana unaiona."
Nilisimama na neno hilo:
kumbe rangi tunayousifia mti
ndiyo ile uliyoikataa.

Ya pili nyeupe, ndefu kama rula ya mwalimu,
wati ishirini na nne.
Ya tatu pana, ina feni, yavuma,
wati mia, na joto juu yake.
Mombasa hii, mwezi wa Februari,
nani hununua joto?
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya dawa:
saa kumi na mbili kwa siku, siku thelathini.
Ile pana ingekula tokeni za elfu moja.
Ile ndefu, robo yake.

Nikatoka na zambarau. Siwafichi, ilikuwa rahisi.

Usiku huo kichochoro kizima
kikawa na rangi ya jeraha linalopona.
Watoto wakasema kwa Bi Fat'hiya kuna disko.
Jirani wa chini akapita akisoma Ayatul Kursi,
haraka, bila vituo.
Na mimi, nimeinama juu ya kopo,
sikuweza kujua jani zima ni lipi
na lipi limeanza kuoza:
yote yalikuwa meusi, yote yana afya.
Sitaki taa inayolisha kitu
huku yanificha hali yake.

Kumail akanibadilishia. Akaongeza mia mbili,
kisha akanipa saa ya kuwashia na kuzimia,
bure, "kwa ajili ya mrehani."

Nyeupe sasa yaning'inia kwenye kamba ya nguo,
shibiri moja na nusu juu ya majani.
Kwa shibiri moja ncha ziliungua,
kwa mbili shina lilianza tena kunyoosha shingo.
Shibiri ni yangu, hakuna fundi aliyenipimia.
Huwaka saa saba mchana,
huzima saa saba usiku,
na majani yamerudi kunuka
hata shati la mpita njia hubeba harufu.

Juzi nilirudisha saa nyuma, izime saa tano.
Tokeni zilikuwa zinalia.
Mara dirisha la juu likafunguka,
sauti ambayo haijanisemesha tangu zege:
"Fat'hiya! Leo mbona mapema?"

Kumbe ngazi zake hazijatiwa taa.
Kumbe kila arudipo zamu, saa saba na dakika,
hupanda kwa mwanga wa mrehani wangu,
akihesabu vidato.

Sikumjibu.
Nilisogeza saa hadi saba,
halafu, kwa ncha ya ukucha, hadi saba na nusu.
Nusu saa, wati ishirini na nne:
nimepiga hesabu, ni kama shilingi kumi kwa mwezi.
Hizo nitamdai.