Visigino

K nimeichora mara arobaini na moja.
Huku kwetu usipoiweza K, funga duka:
Kyeshero, Katoyi, Kahembe, Katindo,
Kivu yenyewe, na nusu ya majina ya wateja.
Mgongo nikaunyoosha, mnene kama nguzo ya geti,
mkono nikaurusha juu, mguu nikausukuma nje,
mpaka ikasimama kama chukudu
yenye magunia matatu ya makala.

Baba, Balume mchora vibao, hakujua kompyuta.
Alijua brashi ya mkia wa mbuzi
na rangi ya mafuta aliyokopa kwa Nsimire, hajailipa hadi leo.
Kila herufi aliivisha kisigino.
"Mji huu umejengwa juu ya mawe yaliyokuwa uji," alisema,
"kisicho na kisigino kitaanguka."
Siku nyingine alisema ni kwa sababu
mteja hulipa kulingana na rangi iliyotumika.
Sijui nimwamini Balume yupi.

Mimi niko Majengo, chumba cha nyuma
cha imprimeri ya Bisimwa.
Umeme ukija, skrini. Ukikata, jenereta.
Jenereta ikikohoa, penseli na karatasi ya miraba.
Unene si kumwaga wino.
Ukimwaga tu, a inavimbiwa, e inazibwa mdomo.
Unene ni hesabu ya weupe:
tundu unaloliacha ndani
ndilo linaloupa weusi sauti.
Na pale m inapovuka kutoka kilima hadi kilima
nimeacha mstari mwembamba,
mwiba wa sambaza.

Q sikuitaka. Kiswahili hakiihitaji.
Bisimwa akagonga meza:
"Na kartie je? Anwani zote za Goma zinaanza na Q!"
Nikaichora usiku huohuo, kwa hasira,
mkia nikauburuta hadi chini ya mstari
kama moto ulivyoteremka kutafuta ziwa.
Ndiyo herufi ninayoipenda kuliko zote. Msimwambie.

Halafu ritifaa.
Fonti za mbali huiweka kama mkwaruzo wa kucha;
waliozichora hawajawahi kumwita ng'ombe.
Nimeinenepesha, nimeipinda kama pembe,
ili MAZIWA YA NG'OMBE WA MASISI
isomwe na motari asiyepunguza mwendo.

Mteja wa kwanza, Mama Nabintu wa Birere.
IKO MAHARAGI. Maneno mawili, ubao wa mita mbili,
herufi zimebanana kama mashemeji kwenye benchi la harusi.
Alirudi nyuma, akavuka barabara, akatazama, akacheka:
"Hii, hata ninaowadai wataisoma!"

Wa pili, Akilimali, kijana mpole,
alileta karatasi iliyokunjwa mara nane:
maisha yote ya mama yake, ya nyuma ya kadi ya msiba.
Alizaliwa, alibatizwa, aliuza chumvi, alikimbia, alirudi,
alikimbia tena, watoto kumi na mmoja, wanne wametangulia.
"Kwa herufi zile za maharagi," akasema.
Nikazipunguza. Nikazipunguza tena.
Matumbo yakaziba, visigino vikakanyagana,
mama wa watu akawa makala yaliyonyeshewa.

Sikujua nimwambieje.
Nilichokichora kinajua kuita. Kusimulia hakijui.
Nikaazima herufi nyembamba za mtu mwingine, za vitabuni,
nikayapanga maisha yake humo, mstari kwa mstari,
na mbele ya kadi nikaacha jina peke yake:
M'BAHIZIRE.

Akilimali alipitisha kidole juu ya wino kabla haujakauka,
kikasimama pale kwenye ritifaa,
pale penye "binti wa".
"Kwenye karte ya uchaguzi," akasema, "hii waliisahau."

Akajifuta kidole kwenye suruali,
akauliza bei.