Chumvi Ipo

Maji ya bwawa letu yalikuwa safi kwa macho,
na macho, alikuwa akisema Nunzio, ni shahidi wa kununuliwa.
Nilidondosha dawa kwenye kichupa, nikangoja rangi ya waridi.
Haikuja. Nikatikisa. Nikangoja tena
kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Sufuri.

Januari, Mildura, nyuzi arobaini na tatu kivulini,
zabibu zinakauka zingali mzabibuni,
na Ijumaa anakuja Tahlia na wenzake wanne,
magoti yote makovu, hamu yote ni kujirusha.

Nikamwaga chumvi.
Gunia la kwanza nililiburuta juu ya mkeka wa mlangoni,
la pili nikalipasua kwa mkasi wa kupogolea,
la tatu Beryl wa nyumba ya pili alilishika miguu
kana kwamba tunambeba mlevi.
Nikaikoroga kwa ufagio mrefu hadi ikayeyuka.
Kesho yake, sufuri.
Mimi niliyekula chumvi miaka sabini na sita
nilidhani hakuna swali isilolijibu.

Semisi alifika saa mbili asubuhi,
kijana wa Kitonga, mabega kama kabati,
sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.
Hakuniuliza nimefanya nini. Alipima.
"Chumvi ipo, mama. Ipo hata ya kumkopesha jirani."

Akaifungua ile mtungi ya kioo
ambamo umeme huigeuza chumvi kuwa klorini,
akaiinua juani. Kati ya bamba na bamba
chokaa ilikuwa imeganda kama ukoko wa sufuria.
Maji kwanza, asidi baadaye, alisema;
ukigeuza, itakurukia usoni.
Ikatoa povu, ikasema *sss*,
bamba zikatoka nyeusi, tupu, kama siku ya kununuliwa.

"Hiyo ni nusu."
Akapima ile dawa inayoifunika klorini isiliwe na jua.
Ilibaki kidogo mno.
"Jua lako, mama, linakula kabla ya wageni."

Kisha akauliza pampu huzunguka muda gani.
Sikujua. Saa ya pampu ilikuwa ya Nunzio.

Banda la nyuma. Utando wa buibui. Kofia yake msumarini.
Kisanduku cha kijivu, gurudumu la vijino,
na vijino vinne tu vimebonyezwa:
saa nne za majira ya baridi,
maji yakiwa yamelala na hakuna wa kuyaamsha.
Aliviweka Jumanne ya Julai, akaja kunawa mikono.
Jumatano hakuamka.
Miezi sita pampu imekuwa ikimtii.

Semisi alinyoosha kidole, akakirudisha.
"Kiangazi kinataka kumi," alisema. "Utaweka mwenyewe?"

Niliweka. Kijino kwa kijino,
kila kimoja kikilia kama njugu inayovunjwa.
Vile vinne sikuvigusa.
Vimo ndani ya kumi.

Alhamisi jioni kichupa kilitoa waridi hafifu,
rangi ya ulimi wa paka. Si nyingi.
Yamebaki magunia mawili garajini
na Beryl anayataka ya kulowekea zeituni.
Nimemwambia chumvi ya bwawa si ya chakula.
Hadi sasa ananibishia kwenye uzio.