Nyonga ya Kushoto

Ransome aliondoka Jumanne ya pili ya Desemba,
saa tano usiku, kwa ujumbe wa simu:
Vijana, nimepata kazi kusini. Msiache kuinama.
Asubuhi tukakuta mlango umefungwa,
utepe wenye jina lake umebanduliwa,
gundi tu imebaki, imeshika vumbi la Ohio.

Miaka mitatu alinifundisha kutembea upya.
Kinyumenyume, dogo, kinyumenyume,
makalio chini kana kwamba kuna kigoda usichokiona,
kifua juu ya magoti, uzito kwenye vidole.
Usimtazame mpokeaji usoni, uso ni mwongo,
mabega ni waongo, mikono ndiyo mabingwa wa uongo.
Itazame nyonga.
Mtu hawezi kwenda mahali
ambapo nyonga yake haijakubali.

Aliweka sarafu juu ya kofia yangu ngumu:
ikianguka, raundi nyingine.
Tulirudi nyuma mpaka nyasi za bandia
zikatuchoma nyayo ndani ya viatu.
Siku isipoanguka, sarafu ni yangu, nikanunue soda.
Nilikunywa soda mbili, miaka mitatu.

Januari akaja Wojcik, na tableti, na kahawa isiyo na sukari.
Akafuta ubao wote, hata pale pembeni
Ransome alipoandika siku ya kuzaliwa ya mama yangu.
"Kurudi kinyumenyume ni mambo ya kale," akasema, bila ubaya.
"Hapa tunateleza kiubavu, mgongo kwa mstari wa nje,
jicho moja kwa mpokeaji, jingine kwa mrusha mpira."
Alikuwa na namba: sekunde, nyuzi, asilimia.
Namba zote zilikuwa upande wake.
Mwili wangu haukusoma namba.
Machi nzima miguu yangu ilizozana
kama warithi wa shamba moja.

Funches, beki wetu wa nyuma, alijaza fomu za uhamisho
akamfuata Ransome. Mimi nikabaki.
Nisiseme ni uaminifu. Mama yuko zamu ya usiku
hospitali iliyo dakika kumi na mbili kutoka uwanjani,
huja kwenye mechi na sare ya kazi chini ya koti,
hupiga kelele hata tunapofungwa.

Novemba, wakaja.
Yeye ng'ambo, kofia ya rangi nyingine,
mikono ileile nyuma ya mgongo.
Robo ya nne, tunaongoza kwa pointi nne,
nikamwona akimgusa bega kocha wa washambuliaji,
akanong'ona.
Nilijua ananong'ona nini. Ni yeye peke yake ajuaye
kwamba nyonga yangu ya kushoto hufunguka kwa kuchelewa
tangu kifundo kile, mwaka wa kwanza,
alichokikanda kwa barafu mwenyewe hadi saa saba usiku.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii aliishona yeye.

Mpokeaji akapangwa kushotoni kwangu.
Nikainama. Sarafu isiyokuwepo ikatulia utosini.
Hatua mbili za Ransome, kinyumenyume,
kisha (sikuamua, naapa) ya tatu ya Wojcik,
kiubavu, na nyonga imeshafunguka
kabla ya muda wake wa kuchelewa.
Mpira ukapita juu ya taa,
yai la ngozi likizunguka bila haraka,
nikaufikia kwa kucha tu.
Haukudakwa. Si na yeye, si na mimi.
Ulianguka ukadunda ovyo, jinsi mpira ule udundavyo,
kama kitu kisichojua kwao ni upande upi.

Wojcik akaandika neno kwenye tableti.
Ransome hakupiga makofi.
Alitia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo,
akakitazama, akakirudisha.

Sasa wanasema Wojcik naye ameitwa mahojiano, magharibi.
Jana nilipita ofisini kwake.
Utepe wa jina umeanza kuinuka pembe moja.
Nikaubonyeza kwa kidole gumba.
Ukashika.
Ukainuka tena.