Maji Kwanza

Miaka thelathini na minane ulilishika lile gurudumu la chuma,
Wiebren Hoekstra, mlinzi wa daraja la pili kutoka ziwani,
na kila chombo kilikulipa kwa mtalawanda:
uliufunga kwenye ufito wa mshipi,
ukauteremsha taratibu hadi mikononi mwa nahodha
kama mtu anayelisha ndege.

Zilitumbukia sarafu. Vifungo vya shati pia.
Mara moja pete, na kikaratasi: nimebadili nia.
Ukaitunza kwenye kopo la kahawa.
Atairudia, ulisema, nia ni kama maji ya mfereji,
hayaendi mbali.
Hakurudi. Pete ninayo, Baba, sijui nimpe nani.

Sitasema ulikuwa mpole.
Usiku niliozaliwa, mkunga alisimama ng'ambo na mkoba wake
dakika kumi na moja,
tishali la mchanga likijikokota.
"Maji kwanza," ulimwambia. "Nchi kavu ina subira."
Mama alikukumbusha hayo kila mwaka,
kisu kikiwa ndani ya keki yangu.

Kisha zikaja kamera.
Daraja likawa la kijana mmoja mjini, kilomita arobaini,
mwenye skrini sita na kiti cha kuzunguka.
Wewe wakakupa pensheni, mkono wa meya
na saa ya ukutani.
Saa ukaitundika chooni.
Na kila alfajiri, kofia ileile kichwani,
ulikwenda kuisalimu kamera.
Daraja likichelewa, uliionyesha saa yako ya mfukoni,
ukaigonga kioo kwa kidole.

Machi mapafu yakagoma.

Jana tulikubeba, majirani sita kama ilivyo ada ya huku,
Douwe mwokaji akichechemea upande wa kushoto,
tukalizunguke kanisa mara tatu ndipo tukulaze.
Tulipofika darajani taa ikawa nyekundu.
Kizuizi kikashuka. Lami ikainuka mbele yetu,
ikasimama wima kama ukuta.

Mchungaji akatazama saa.
Upepo ukatuchuna masikio.
Mtu akanong'ona: apigiwe simu huyo kijana, aambiwe kuna maiti.
Nami nikacheka, Baba, nisamehe,
nikacheka hadi jeneza likatikisika
na Douwe akaniuliza kama nimeshikwa na kifafa.

Mama hakuwa amefungua kinywa tangu Jumanne.
"Dakika kumi na moja," akasema. "Mtaona."

Zilikuwa nne.
Mashua ya manjano, mume na mke, wageni,
mkate wa jibini magotini.
Mwanamke alipoona nguo zetu nyeusi akaacha kutafuna.
Mwanamume hakutuona.
Alikuwa ameinua uso, mkono juu, sarafu kati ya vidole,
akitafuta wa kumpa.